Prince of Persia: gemu lililotufikia kwa kuchelewa na bado halijazeeka

Kijana aliyevaa nguo nyeupe anaangukia ndani ya chumba cha mawe, na lango la chuma linashuka nyuma yake. Hana upanga. Juu kabisa ya kasri, Waziri Jaffar amempa binti wa Sultani saa moja ya kuamua: aolewe naye au afe. Sultani mwenyewe yuko vitani, nchi ya mbali. Saa ya mchanga imeshageuzwa, na mchezaji aliyekaa mbele ya kioo ana dakika 60 za kupanda kutoka gerezani hadi kwenye mnara. Akifa anarudishwa mwanzo wa hatua aliyokuwapo, lakini dakika alizopoteza hazirudi.

Ndivyo linavyoanza Prince of Persia, gemu lililotolewa Oktoba 1989 na kampuni ya Broderbund ya California kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani ya Apple II. Mtunzi wake, Jordan Mechner, alikuwa na umri wa miaka 25. Alishapata jina kwa Karateka, gemu la mapigano lililotoka mwaka 1984 wakati bado anasoma Chuo Kikuu cha Yale.

Mengi yameandikwa Ulaya na Marekani kulisifu gemu hili, na mara nyingi mwandishi huwa anausifu utoto wake: sebule ya wazazi, kaseti, diski laini, rafiki wa jirani. Sisi huku Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, hatuna utoto wa namna hiyo wa kuutetea. Kijana wa hapa anayelifungua leo analikuta bila kumbukumbu yoyote, kama anavyokikuta kitu kipya. Kwa hiyo akilipenda, amelipenda gemu lenyewe. Naamini kipimo hiki ni cha haki kuliko vyote, na Prince of Persia inakivuka.

Kwa nini hatuna utoto huo? Jibu lake limo kwenye historia ya nchi. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine aina ya ICT 1500. Mipango ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ilikwenda kombo na kula fedha za kigeni, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini bila kibali maalumu. Ilikuwa miaka ileile ya Operesheni Vijiji, watu wa Singida wakihamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani kwenda kuishi pamoja kwenye vijiji vipya. Nani angeuliza habari za kompyuta?

Hata bila marufuku hiyo, kulikuwa na kikwazo cha pili ambacho husahauliwa. Kompyuta za nyumbani za wakati ule nyingi hazikuuzwa na kioo chake. Ziliungwa kwenye televisheni. Waingereza walipoanza kununua ZX Spectrum mwaka 1982, na Wamarekani Commodore 64 mwaka huohuo, walikuwa wanaongeza kifaa kwenye televisheni ambayo tayari ilikuwa sebuleni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Mwaka 1982 sisi tulikuwa tumetoka kwenye vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, na sabuni na sukari vinapangiwa foleni. Watoto wa Kinyangiri, iliyokuwa bado wilaya ya Iramba, walicheza kombolela mbalamwezi ikitoka. Enzi nzima ya kompyuta za nyumbani ilipita tukiwa nje ya mlango.

Mlango ulilegea polepole na mageuzi ya uchumi, na katika miaka ya 1990 ukafunguka. Kompyuta zilizoingia zilikuwa za ofisini: masanduku ya kijivu yenye DOS, nyingi zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Prince of Persia ilikuwa imetengenezewa DOS tangu mwaka 1990, na ilikuwa ndogo kiasi cha kuenea kwenye diski laini na kupita mkono kwa mkono. Hapo ndipo nilipokutana nayo mimi, Singida mjini, kwenye ofisi moja ambayo karani wake alitufungulia jioni baada ya kazi. Tulikaa vijana watatu kwenye viti viwili, mmoja akishika vitufe na wengine wakipiga kelele. Kulikuwa na siri iliyonong'onwa: ukiandika neno megahit baada ya jina la programu, unaweza kuruka hatua. Wenye kuitumia siri hiyo waliuona mnara mapema, lakini hatukuwahesabu kuwa wamefika.

Kilichotushika hasa ni mwendo wa yule kijana. Magemu ya wakati ule yalikuwa na watu wa kurukaruka kama vibonzo: unabonyeza, anapaa, anageuka hewani anavyotaka. Huyu ana uzito. Ukimkimbiza hasimami papo hapo. Anateleza hatua moja na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayomtumbukiza shimoni. Ukimrusha, anaukamata ukingo kwa vidole, ananing'inia, kisha anajivuta juu kwa tabu. Akianguka ghorofa mbili anaumia, ghorofa tatu anakufa.

Mechner aliupata mwendo huo kwa kumpiga picha mdogo wake David. Mwaka 1985 alimvika nguo nyeupe, akampeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari jimboni New York, akamwambia akimbie, aruke, apande ukuta. Aliuchezesha mkanda wa video kwenye televisheni, akausimamisha picha moja moja, na kila picha akaipiga tena kwa kamera ya kawaida. Zilipotoka kusafishwa alizichora upya kwa kalamu nyeusi na rangi nyeupe ya kufutia hadi likabaki umbo tu la mwili, ndipo akaziingiza kwenye kompyuta. Kazi ya namna hiyo hupimwa kwa miezi. Kwa mapigano ya panga alichukua tukio la Errol Flynn na Basil Rathbone katika filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938, akalitendea vivyo hivyo.

Ndiyo maana mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa karne hii na kuzoea magemu ya mpira yenye nyuso za wachezaji halisi, alipolifungua kwenye kompyuta mpakato ya mitumba alicheka kwanza kwa ajili ya rangi zake chache, kisha akanyamaza. Baada ya muda akasema, "Mjomba, huyu jamaa anaanguka kama mtu." Hakuna aliyemweleza habari za David. Mwili wa kijana aliyekimbia mwaka 1985 ulikuwa umemfikia bila maelezo.

Upande wa pili wa sifa ya gemu hili ulizaliwa na uhaba. Toleo la Apple II lilihitaji kumbukumbu ya kilobaiti 128. Picha moja inayopigwa na simu ya kawaida leo hula zaidi ya mara ishirini ya hiyo. Zile picha za mwendo wa kijana zilimeza karibu nafasi yote, na Mechner akabaki na gemu zuri lisilo na adui: kuta, mitego na upweke. Mwenzake wa Broderbund, Tomi Pierce, hakumwachia. Kila mara alimwambia kuwa linahitaji mapigano. Nafasi ya kuchora adui haikuwapo. Suluhisho likatoka kwenye hesabu za mashine: chukua picha zilezile za kijana, zisogeze kidogo na kuzipishanisha, na kioo kitaonyesha mtu mweusi anayemetameta. Adui wa kwanza akawa kivuli cha mchezaji mwenyewe. Baadaye Mechner aliipata sehemu ya kumbukumbu iliyokuwa haitumiki, ndipo walinzi wenye panga nao wakaingia.

Hapa gemu linapanda daraja, kwa maoni yangu. Katika hatua ya 4 njia imezibwa na kioo kikubwa cha kujitazamia. Hakuna maelezo, mchezaji anagundua mwenyewe kwamba lazima akimbie na kukirukia. Anapopita, kivuli kinatokea upande wa pili na kukimbilia kwake, na nguvu za kijana zinabaki kipande kimoja tu. Katika hatua ya 5 kivuli kinakunywa dawa uliyoihangaikia. Katika hatua ya 6 kinakufungia lango na kukuacha uanguke. Unakichukia. Unakutana nacho tena karibu na mwisho kikiwa na upanga, na unashambulia kwa hasira zote. Kila pigo unalokipa linakuumiza wewe. Dawa ni kurudisha upanga alani. Nacho kinarudisha wake. Mnatembea kuelekeana hadi mnakuwa mmoja, na mbele yako, pale palipokuwa na shimo tupu, sakafu inatokea chini ya miguu.

Vijana wanne walikuwa wamezunguka ile kompyuta mpakato siku mtoto wa dada alipofika pale. Alikufa mara nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Aliyetoa shauri la kuweka upanga chini alikuwa binti wa jirani ambaye hakuwa ameshika vitufe hata mara moja. Alikuwa ameangalia tu, akaona kwamba vipande vyekundu vya uhai vinapungua pande zote mbili kwa pamoja. Wakubwa wa michezo ya kisasa wangeweka maandishi ya kumwelekeza. Mechner alimwamini mchezaji kuwa ana macho.

Hadithi yenyewe haitupi taabu huku. Sultani, waziri mwenye hila, binti aliyefungiwa mnarani: Mechner aliwatoa katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela, na masimulizi hayo yana Kiswahili chake tangu enzi za Waingereza, vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wakayasoma darasani. Bibi zetu wa Kinyiramba walikuwa na masultani wachache sana katika ngano zao, ila walimu wetu walituletea hawa wa Baghdad tukiwa wadogo, na tukawakaribisha.

Sokoni gemu lilianza vibaya. Apple II ilikuwa inakufa mwaka 1989 na maduka yalishaanza kuipa kisogo. Lililookoka ni lile lililohamishiwa mashine nyingine: DOS, Amiga, kompyuta za Kijapani, Macintosh mwaka 1992, na mashine za Nintendo. Nakala ziliuzwa kwa mamilioni. Kukaja matoleo mapya, lile la Sands of Time la mwaka 2003 likiwa bora kuliko mengine, na filamu ya Hollywood mwaka 2010, ambayo sina hamu ya kuizungumzia.

Simulizi ninayoipenda zaidi ni ya maandishi ya programu yenyewe. Mechner aliamini yamepotea. Mwezi Machi 2012 baba yake, Francis Mechner, ambaye ndiye aliyetunga muziki wa gemu, alikuta nyuma ya kabati nyumbani sanduku la diski za zamani. Kusoma diski za umri ule ni kazi ya kubahatisha, sumaku huchakaa. Aprili mwaka huohuo wataalamu wa kuhifadhi kompyuta za kale, akiwamo Jason Scott, walikutana na Mechner wakazisoma, na maandishi yote yakawekwa hadharani kwenye intaneti, kila mtu ayaone bure. Wapenzi wa gemu wameliandika upya liende kwenye kompyuta za leo, na limekaa ndani ya faili dogo ambalo hata kifurushi cha bei ya chini kinatosha kulipakua. Likishaingia halidai intaneti tena, halidai akaunti, wala halisimami kukuonyesha tangazo. Kwa kata ambayo nguzo za umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) zimefika lakini mtandao unapepesuka mvua ikinyesha, hilo si jambo dogo.

Kuna pia programu za bure za kutengenezea hatua mpya, na huko ndiko mtoto wa dada yangu aliko sasa. Alianza kwa kuniuliza nani alipanga vile vyumba, nami nikamweleza kanuni: kila chumba kina vigae 10 kwa upana na 3 kwa kimo, na hatua moja haizidi vyumba 24. Alichukua daftari lake la hesabu lenye miraba, akahesabu, akaanza kuchora. Chumba chake cha kwanza kina miiba mitatu mfululizo, na yule binti wa jirani ameshamwambia kuwa hakuna atakayepita hapo, labda asogeze mmoja mraba mmoja kushoto. Bado wanabishana.