Ushuru wa Daraja Haukufa, Ulihamia Kwenye Tangi

Babu yangu aliendesha matatu Mombasa miaka ya themanini. Mpaka leo tukivuka daraja la Nyali pamoja lazima anigonge bega. "Hapa ndipo tulikuwa tunasimama kulipa." Halafu anaanza kulalamika vile foleni ilikuwa inamlia muda. Mara ya mwisho akaongeza kitu kingine: "Lakini angalau tulijua tunalipia nini."

Hiyo sentensi ilinikalia kichwani wiki nzima. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa hata nasomea uhandisi, kwa hivyo usinichukulie kama fundi wa madaraja. Ila kufuata shilingi inaenda wapi si lazima uwe na digrii.

Wacha tuanze mwanzo. Daraja la kwanza la Nyali lilifunguliwa 1931. Halikuwa na nguzo kama hili la sasa, lilikuwa linaelea juu ya maboya, maji yakijaa linapanda, yakikupwa linashuka. Na lilikuwa la kulipia. Kitu kinachoelea baharini huwezi kukijenga ukakisahau, maana boya moja likiingia maji mji mzima utajua. Kulitunza halikuwa jambo la hiari.

Mwaka 1980 likafunguliwa hili la zege, njia sita, lililojengwa na kampuni ya Kijapani ya Sumitomo. Ushuru ukaendelea. Halafu 1984 bunge likapitisha sheria ya ushuru wa barabara za umma, na vituo vya kulipia vikatokea kwenye barabara kuu sehemu mbalimbali za nchi. Ukipita Gilgil leo bado utasikia watu wakiita mahali "Toll Station" na hakuna anayelipa chochote hapo. Jina lilibaki, kizuizi kikaenda.

Kwa nini kilienda? Foleni, na pia pesa taslimu ikipita kwa mikono mingi huwa haifiki yote. Ndiyo maana 1993 ikaja sheria ya ushuru wa matengenezo ya barabara. Badala ya kusimamishwa njiani, unalipa ukiweka mafuta. Na ukweli usemwe, wazo lenyewe lilikuwa poa. Anayetumia barabara sana anachoma mafuta mengi, kwa hivyo analipa zaidi. Hakuna foleni. Sheria ya 1999 ikaunda Bodi ya Barabara (KRB) isimamie hiyo hazina.

Kwa hivyo ule ushuru wa babu haukufa. Ulihamia kwenye tangi, na huko ndani hatuuoni.

Mwaka 2016 ulipanda hadi shilingi 18 kwa lita. Julai 2024 ukafika 25. Piga hesabu na mimi. Mtu wa boda anayeweka lita tatu kwa siku ametoa 75. Matatu inayochoma lita 40 imetoa 1,000. Kila siku. Na hata kama huna gari unalipa, iko ndani ya nauli yako na ndani ya bei ya nyanya pale Kongowea.

Sasa skiza hii. Mwaka 2025 serikali ilichukua shilingi 7 katika kila hizo 25 na kuziuza mapema ili ipate karibu bilioni 175 za kulipa makandarasi waliokuwa wanadai. Sisemi wasilipwe. Mtu akifanya kazi alipwe, na kuna wafanyakazi wengi walikaa bila mshahara kwa sababu ya hayo madeni. Lakini angalia kilichofanyika: pesa iliyokusanywa kwa jina la kutunza imelipa madeni ya kujenga. Wakati huo huo magavana na wabunge walikuwa wanavutana kuhusu bilioni 10.5 za hazina hiyo hiyo.

Utunzaji wa daraja ni kitu gani hasa? Ni kazi isiyo na picha nzuri. Kuzibua mifereji ili maji ya mvua yasisimame. Kubadilisha vile viungo vya chuma ambavyo gari likipita unasikia ta-ta, ta-ta. Kurudisha vyuma vya pembeni vilivyoibwa vikauzwa kama chuma chakavu. Na kwetu Pwani, kupigana na chumvi. Chumvi ikipenya kwenye zege inafikia nondo, nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Ukiwahi mapema unaziba ufa. Ukichelewa unajenga upya, kwa mkopo.

Na hakuna mwanasiasa amewahi kukata utepe wa mfereji uliozibuliwa. Ndiyo maana tunapenda kujenga na tunachukia kutunza.

Sasa vituo vya kulipia vinarudi. Nairobi Expressway inalipisha tangu 2022, na Rironi hadi Mau Summit nayo itakuwa ya kulipia. Watu wamekasirika, na wana haki, kwa sababu tulitolewa kwenye ushuru tukaingizwa kwenye tangi, na sasa tutalipa kote kuwili.

Mimi siombi ushuru uondolewe. Daraja la bure halipo. Ninachotaka ni kile babu alikuwa nacho: kujua. Wabandike pale pale darajani lilikaguliwa lini, likapatikana na shida gani, na shilingi ngapi ya mafuta yetu imelirudia. Ubao mmoja tu. Tunabandika matangazo ya kila aina kando ya hiyo barabara, hata ubao wa ukaguzi utakosa nafasi?

Jioni ya leo maelfu watavuka Nyali wakirudi Kisauni, Bamburi na Mtwapa. Kila mmoja amelipia. Muulize yeyote kama anajua amelipia nini.