Kwa nini mto hula kona, na kwa nini ukuta laini huanguka

Kila masika swali hili linarudi kwenye simu ya studio: mto wetu unakula shamba upande mmoja tu, upande wa pili unaongeza mchanga, ni kwa nini? Mara nyingi linafuatwa na lingine lenye uchungu zaidi: tulichanga, tukajenga ukuta, mbona nao umeanguka? Dakika chache za kipindi hazitoshi kulijibu, kwa hiyo nimeliandika hapa ulisome kwa nafasi.

Anza na kikombe cha chai ambayo haijachujwa. Koroga, kisha toa kijiko. Ungetegemea majani yarushwe pembeni, lakini yanakusanyika chini, katikati ya kikombe. Maji ya juu yanakwenda kasi na kusukumwa nje. Yale yanayogusa kitako yamepunguzwa mwendo, hayawezi kwenda nje kama ya juu, basi yanarudishwa katikati na kuvuta majani. Mhandisi James Thomson alieleza mwaka 1876 kwamba maji ya mto kwenye kona hufanya vivyo hivyo, na mwaka 1926 Albert Einstein, yule yule wa fizikia, aliandika kuhusu majani ya chai na mito inayopinda.

Kwenye kona, basi, maji ya juu yenye kasi yanakimbilia ukingo wa nje. Yakifika hapo yanazama, yanapita sakafuni kuelekea upande wa ndani na kuondoka na changarawe. Mwendo wake unakuwa kama kamba inayosokotwa. Upande wa ndani unapata fungu la mchanga, upande wa nje unapata shimo. Ukiweka ukuta hapo nje, shimo halikomi. Linachimbwa mguuni pa ukuta. Ndiyo maana kuta nyingi za mtoni hazisukumwi zikaanguka kama watu wanavyodhani. Msingi unabaki hewani, na ukuta unainama kuelekea majini.

Uswisi waliliona hili kwa gharama kubwa. Agosti 1987 Mto Reuss ulifurika katika jimbo la milimani la Uri, katika bonde jembamba ambamo mto, reli na barabara kuu ya Gotthard vinabanana. Karibu na kijiji cha Wassen maji yalichimba chini ya nguzo ya daraja la barabara kuu mpaka nguzo ikatitia na daraja likashuka. Katika mabonde ya namna hiyo hakuna nafasi ya kuuacha mto utembee unakotaka, kwa hiyo watu hujenga kuta za kusimama wima kwenye kona. Swali likawa: ukuta wa aina gani?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maabara ya maji ya chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne ililichukua swali hilo. Walitengeneza mfereji wenye kona, wakatandika changarawe sakafuni na kupitisha maji ya viwango mbalimbali. Kwanza ukuta wa nje ulikuwa laini. Kisha wakaufunga mbavu za kusimama, yaani vipande vinavyotokeza kuelekea majini, wakibadilisha unene wake na nafasi kati ya ubavu na ubavu.

Mbavu zilisaidia. Karibu na ukuta laini maji hayana kinachoyashika, yanateremka kwa kasi na kuchimba papo hapo. Mbavu zinayapunguza mwendo na kusogeza mkondo mkali mbali kidogo na ukuta, hivyo shimo linakuwa na kina kidogo au linahamia mahali ambapo halitishii msingi. Lakini nafasi ina maneno yake. Mbavu zikibanana sana, maji hupita juu ya ncha zake kana kwamba ukuta ni laini. Zikiachana sana, kila moja inafanya kazi peke yake na maji yanarudi ukutani kabla ya kuukuta ubavu unaofuata. Tena ukuta wenye mbavu hupandisha kina cha maji kidogo na hunasa magogo, na katika mto unaoteremsha miti mizima hilo si jambo dogo.

Mtu atauliza kama mfereji wa ndani ya nyumba unaweza kusema lolote kuhusu mto. Unaweza, ukifuata kanuni: ukipunguza urefu wote mara 25, kasi ya maji unaipunguza mara 5. Changarawe hupunguzika vizuri. Udongo wa mfinyanzi haupunguziki, kwa sababu chembe ndogo hushikana. Majibu ya Lausanne kwa hiyo ni ya mito ya changarawe, na anayeyapeleka kwenye kingo za udongo wa tambarare aende polepole. Huko mizizi ya miti na matete hufanya sehemu ya kazi ya mbavu, na juu yake hushika udongo.

Hapa kwetu, reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe inafuata bonde la Mto Mkondoa na imekatwa na mafuriko mara nyingi. Ni kubanana kule kule kwa mto na njia.

Kitu kimoja kinawadanganya hata mafundi. Shimo huwa refu kuliko wakati wowote mafuriko yakiwa kileleni. Maji yakipungua, changarawe inarudi na kulijaza. Ukienda kupima kiangazi utakuta sakafu imekaa sawa na ukuta unaonekana una msingi wa kutosha. Chukua nondo uisukume chini mguuni pa ukuta, kisha jaribu mita kadhaa kuelekea katikati ya mto. Ikiwa mguuni inazama kirahisi na kule inagoma, huenda umepita kwenye shimo lililojazwa upya, na fundi anayekuja kukadiria urefu wa msingi aonyeshwe hapo kabla hajaanza kuchimba.