Mabinti wa Ryerson walivyotwaa taji la vikapu la Canada na kuagana na jina

CHUO Kikuu cha Ryerson, jijini Toronto, kilitawazwa bingwa wa Canada katika mpira wa vikapu wa akina dada mnamo Aprili 3, 2022. Kabla ya mwezi huo kuisha, jina Ryerson lilikuwa limewekwa kando na chuo kikaanza kuitwa Toronto Metropolitan. Mabinti hao basi ndio waliokuwa wa kwanza kutwaa taji hilo kwa jina la Ryerson, na ndio wa mwisho pia.

Hata hivyo, si jina pekee linaloufanya msimu wa 2021-22 ukumbukwe. Kikosi cha kocha Carly Clarke kilipita katika msimu mzima bila kushindwa hata mara moja, tena katika mwaka ambao serikali ya jimbo lao iliwafungia milango ya ukumbi huku vijana wa michezo mingine wakiruhusiwa kuendelea kucheza.

Michezo ya vyuo vikuu nchini Canada husimamiwa na shirika la U Sports, ambalo hadi mwaka wa 2016 lilijulikana kama CIS. Katika vikapu vya wanawake, vyuo takriban 48 hushiriki, navyo hugawanywa katika kanda nne: Atlantiki iliyo mashariki, Quebec, Ontario, na Canada Magharibi inayoanzia Manitoba hadi pwani ya Pasifiki. Ugawaji huo haulingani hata kidogo. Ontario ina vyuo 18 ilhali Quebec ina vitano tu. Kila kanda humpata bingwa wake, kisha timu nane hukusanyika katika mji mmoja kwa siku chache kuamua mshindi wa taifa.

Mshindi hukabidhiwa Bronze Baby, yaani Mtoto wa Shaba. Kombe hilo lilianza kushindaniwa na wanafunzi wa kike tangu miaka ya 1920, lakini lilikuja kuwa la nchi nzima katika msimu wa 1971-72, British Columbia ilipokuwa timu ya kwanza kulitwaa. Tangu hapo limekuwa na mazoea ya kukaa muda mrefu katika nyumba moja. Laurentian ililichukua mara tano mfululizo kuanzia 1975 hadi 1979. Victoria imelitwaa mara tisa, na mara nane kati ya hizo kocha alikuwa Kathy Shields. Windsor nayo, chini ya kocha Chantal Vallée, ilifikia rekodi ya Laurentian kwa kushinda kila mwaka kuanzia 2011 hadi 2015.

Msomaji anayefuatilia vikapu vya Marekani huenda akauliza kwa nini majina ya mabingwa hao hayavumi. Sababu kubwa ni fedha. Chuo kikubwa cha Marekani humlipia mchezaji karo, malazi na chakula, ilhali nchini Canada ufadhili wa mchezaji kwa miaka mingi uliishia kwenye karo na ada za chuo. Ndiyo maana wasichana wengi wenye vipaji vya juu huvuka mpaka mapema. Kia Nurse, mzaliwa wa Hamilton katika jimbo la Ontario, alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka wa 2015 na 2016 akiwa na Connecticut. Wapo waliobaki nyumbani na bado wakafika mbali. Miah-Marie Langlois, mmoja wa nguzo za Windsor katika miaka yake ya neema, aliichezea Canada katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016. Lakini wengi wa wanaobaki hucheza mbele ya mashabiki wachache, wakijua kwamba baada ya miaka mitano ya kuruhusiwa kuchezea chuo, kinachowangoja ni ajira wala si ligi ya kulipwa. Kwao msimu mmoja ni sehemu kubwa ya maisha ya mchezo.

Hilo ndilo lililofanya pigo la corona liwe zito. Machi 2020 Saskatchewan ilitwaa kombe mjini Ottawa, siku chache tu kabla ya Shirika la Afya Duniani kutangaza janga. Oktoba mwaka huo U Sports ikatangaza kwamba michuano ya kitaifa ya msimu wa baridi haingefanyika. Mwaka wa 2021 ukapita bila bingwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ubingwa wa taifa uanze. Mchezaji aliyekaribia kuhitimu alilazimika kuamua kati ya kurefusha masomo ili apate kucheza tena na kuuaga mchezo kimyakimya.

Huko Ryerson ukimya huo uliambatana na msukosuko wa aina nyingine. Chuo kilikuwa kimepewa jina la Egerton Ryerson, msimamizi wa elimu wa karne ya 19 anayesifiwa kwa kujenga mfumo wa shule za umma wa Ontario. Lakini mwaka wa 1847 bwana huyo alitoa mapendekezo kuhusu elimu ya watoto wa wenyeji asilia, na mapendekezo hayo yalichangia kuzaliwa kwa shule za bweni ambazo baadaye ziliwatenga maelfu ya watoto na wazazi wao, lugha zao na desturi zao. Mei 2021 ilitangazwa kwamba mitambo ya kupima chini ya ardhi ilikuwa imeonyesha dalili za makaburi yapatayo 200 karibu na iliyokuwa shule ya aina hiyo huko Kamloops, British Columbia. Hasira ikatanda nchini. Juni 6, 2021, waandamanaji waliiangusha sanamu ya Ryerson iliyosimama chuoni, na Agosti bodi ya chuo ikaamua kwamba jina litabadilishwa.

Kwa hivyo timu ilipoanza msimu mwezi wa Novemba, ilikuwa ikichezea jina ambalo wenye chuo wenyewe walikwisha kulikataa, huku jipya likiwa halijapatikana. Ni hali ngeni kwa mwanamichezo kuombwa kutoa jasho kwa ajili ya jina lililo mlangoni likitoka.

Nyumba ya timu hiyo nayo ina historia yake. Ukumbi wa Mattamy umo ndani ya jengo la Maple Leaf Gardens, lililokuwa makao ya timu maarufu ya hoki ya barafuni, Toronto Maple Leafs, kuanzia 1931 hadi 1999. Humo ndimo Muhammad Ali alipopigana raundi 15 na George Chuvalo mwaka wa 1966. Humo pia, Novemba 1, 1946, New York Knicks na Toronto Huskies walicheza mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza kabisa katika historia ya NBA. Chuo kilihamia humo mwaka wa 2012 na kushiriki jengo na duka kubwa la vyakula. Anayekwenda kutazama vikapu hupita karibu na watu walioshika vikapu vya aina nyingine.

Clarke alikuwa amekabidhiwa timu mwaka huohuo wa 2012. Aliikuta miongoni mwa timu za kawaida za Ontario, akaijenga polepole hadi ikafika fainali ya taifa mwaka wa 2016, ambako ilizimwa na Saskatchewan ya kocha Lisa Thomaidis, aliyekuwa pia kocha wa timu ya taifa ya Canada. Kwa miaka sita iliyofuata, fainali hiyo ilibaki kuwa kipimo cha juu zaidi ambacho Ryerson ilikuwa imefikia katika vikapu vya akina dada.

Nusu ya kwanza ya msimu wa 2021-22 ilikwenda vyema. Ryerson ilishinda, ikashinda tena. Kisha Desemba aina ya virusi iliyoitwa Omicron ikaenea kama moto wa nyikani, na mwanzoni mwa Januari 2022 serikali ya Ontario ikafunga kumbi za michezo za ndani. Iliacha mlango mmoja wazi: ligi zilizotambuliwa kuwa za kiwango cha juu cha ridhaa zingeendelea na mazoezi na mechi. Ligi ya vijana ya hoki ya barafuni ya Ontario ilikuwa katika orodha hiyo. Ligi ya vyuo vikuu haikuwamo.

Uamuzi huo uliwauma wachezaji na makocha, wa kiume kwa wa kike, nao walipaza sauti hadharani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Ikiwa timu inayowania ubingwa wa nchi si ya kiwango cha juu, basi ni ipi? Kwa wanawake uchungu ulikuwa na sura ya ziada, kwa sababu ligi ya hoki iliyoruhusiwa ni ya wavulana, na chuo kikuu ndicho ngazi ya juu zaidi ya vikapu ambayo msichana wa Ontario angeweza kuifikia bila kuihama nchi. Ni vigumu kuitetea orodha hiyo hata leo. Vizuizi vilianza kulegezwa mwishoni mwa Januari, na Februari mechi zikarejea kwa ratiba iliyobanwa.

Timu isiyoshindwa ikisimamishwa wiki kadhaa, mara nyingi hurudi imepoteza mwendo. Ryerson haikupoteza. Ilimaliza mechi za kanda, ikatwaa ubingwa wa Ontario, ikaingia katika fainali za taifa mjini Kingston ikiwa safi kama ilivyoanza. Chuo Kikuu cha Queen's ndicho kilichokuwa mwenyeji, na michuano ilichezwa kuanzia Machi 31.

Mpinzani wa fainali alikuwa Winnipeg, na hapo ndipo historia ilipochangamka. Kama kuna chuo nchini Canada kinachojua maana ya kutoshindwa, ni hicho. Kuanzia mwaka wa 1992 akina dada wa Winnipeg, chini ya kocha Tom Kendall, walishinda mechi 88 mfululizo. Idadi hiyo ililingana na rekodi iliyowekwa na wanaume wa UCLA ya Marekani chini ya John Wooden kati ya 1971 na 1974. Mechi moja zaidi ingewaweka Winnipeg peke yao kileleni. Desemba 1994 walikutana na majirani wao wa Manitoba, timu ya jiji lilelile, wakafungwa. Walijifuta machozi na kutwaa taji la tatu mfululizo miezi michache baadaye, lakini nambari 88 ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu.

Winnipeg ya 2022 haikuwa na ubavu huo. Ryerson iliibana tangu nyuma, ikawanyima nafasi wafungaji wake, na kipenga cha mwisho kilipolia ubao ulisoma 70-48. Kwa fainali, hiyo ni tofauti kubwa. Mabinti wa Ryerson walikuwa mabingwa bila doa.

Aprili 26, 2022, jina Toronto Metropolitan lilitangazwa rasmi. Baadaye mwaka huo timu za chuo ziliacha pia kuitwa Rams, yaani kondoo dume, zikaanza kuitwa Bold. Kombe la Mtoto wa Shaba lilikwenda kwa Carleton ya Ottawa mwaka wa 2023 na 2024, kisha Saskatchewan ikalirejesha kwake mwaka wa 2025. Kufikia mwaka huo, Toronto Metropolitan ilikuwa bado haijalitwaa kwa jina lake jipya.