Nikolasi wa Famagusta na Nikolasi wa Chania

Mtakatifu Nikolasi, msimamizi wa mabaharia, alikuwa na kanisa Famagusta, kisiwani Kupro, na jingine Chania, kisiwani Krete. Waosmani walipoinyakua miji hiyo kutoka kwa Wavenisi, Famagusta mwaka 1571 na Chania 1645, makanisa yote mawili yakawa misikiti. Yalivyoishia hayafanani hata kidogo.

La Famagusta lilikuwa kanisa kuu la Kilatini, lililowekwa wakfu mwaka 1328. Humo wafalme wa ukoo wa Lusignan walivishwa taji la Yerusalemu, mji ambao hawakuutawala. Hadi leo ni msikiti, na tangu 1954 unaitwa kwa jina la Lala Mustafa Pasha, jemadari aliyeuteka mji. Waosmani waliondoa sanamu, wakapaka chokaa, wakaongeza mnara mwembamba wa adhana. Kilichowashinda ni kibla. Madhabahu ilikuwa mashariki, na Makka kutoka hapo iko kusini, ikielemea mashariki kidogo. Basi mihrabu ikawekwa ubavuni, na safu za wanaoswali zinakata jengo mshazari, huku nguzo za Kigothi zikiendelea kuelekea madhabahu isiyokuwepo. Msanifu anaweza kuona kasoro. Mimi naona ndipo historia ya jengo inaposomeka vizuri zaidi. (Uwanjani kuna mkuyu mkongwe, mti wa kwetu Afrika, unaosemekana kuwa na umri wa kanisa lenyewe.)

La Chania lilijengwa na Wadominikani. Waosmani wakaliongezea mnara wenye roshani mbili za mwadhini, na mwaka 1918 likawa kanisa tena, ila la Kiorthodoksi. Wanaosema "lilirudi" wanapitiwa: waliolipata si waliolijenga. Leo mnara wa kengele na mnara wa adhana imesimama kwenye jengo moja, na watalii huambiwa huo ni ushahidi wa dini kuishi pamoja. Siafiki. Famagusta, ndani ya kuta za mji wa kale, waumini wa msikiti walibaki. Chania hawakubaki: kwa mkataba wa Lausanne wa 1923 Ugiriki na Uturuki zilibadilishana watu kwa kigezo cha dini, lugha haikuulizwa. Waislamu wengi wa Krete walishushwa pwani ya Uturuki, wengine Ayvalık, wakizungumza Kigiriki cha kisiwani kwao, Kituruki hawakijui sawasawa.