Nyayo za Waafrika kando ya reli ya Leipzig

Wanafunzi wetu wanaokwenda kusoma Ulaya wana desturi moja: likizo ya kwanza ikifika, mbio mpaka Paris kupiga picha chini ya mnara wa Eiffel. Sina ugomvi na mnara. Lakini anayesoma Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, ana historia inayomhusu zaidi karibu na mlango wake, na nauli yake si ya kukopa. Tangu Mei 2023 Wajerumani wana tiketi ya mwezi inayotumika nchi nzima. Ilianza kwa euro 49, bei ikapanda baadaye. Treni za kasi haikuruhusu kuzipanda, ila treni za mikoa, tramu na mabasi ya mjini ni vyako vyote. Unaondoka asubuhi na mkate mkobani, usiku umelala bwenini kwako.

Leipzig yenyewe ina mengi. Chuo chake kikuu ni cha mwaka 1409. Oktoba 9, 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana katika mitaa yake bila risasi kupigwa, na mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ukafunguka. Hapa pia, kwenye Taasisi ya Herder, ndipo vijana wengi wa Kiafrika walipojifunzia Kijerumani kabla ya kutawanywa vyuoni, enzi ambazo wataalamu wa Ujerumani Mashariki walikuwa wakijenga maghorofa Unguja. Lakini tupande treni.

Kituo cha kwanza kiwe Halle, mwendo usiofika saa nzima. Juni 1727 kijana mweusi aliandikishwa katika chuo kikuu cha mji huu kusomea sheria. Jina lake Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa karibu na Axim, pwani ya Ghana ya leo, yapata mwaka 1703. Akiwa bado mtoto mdogo, kampuni ya biashara ya Waholanzi ilimpeleka Amsterdam, na kutoka huko akatolewa zawadi kwa mtawala wa Braunschweig-Wolfenbüttel, kama mtu anavyotoa kasuku. Alibatizwa Anton kwa heshima ya mtawala huyo, na Wilhelm kwa heshima ya mwanawe. Wakubwa hao walimsomesha, na yeye akasoma kwelikweli.

Mwaka 1729 Amo alisimama mbele ya wasomi wa Halle akatetea mada kuhusu haki za watu weusi wanaoishi Ulaya. Maandishi yenyewe yamepotea, ila gazeti la wakati huo lilieleza hoja yake. Alisema wafalme wa Afrika waliwahi kuwa chini ya himaya ya Roma, wakitambuliwa kwa hati za makaizari. Basi Wakristo wa Ulaya wanapata wapi ruhusa ya kuwanunua raia wa wafalme hao? Alichukua sheria ya Kirumi, ambayo maprofesa wale waliila na kuilalia, akawapiga nayo. Mpaka leo sijakutana na mwanafunzi wa sheria aliyeanza kwa kishindo namna hiyo.

Ukifika Halle utaonyeshwa sanamu ya shaba ya mwanamume na mwanamke wa Kiafrika, iliyosimamishwa mwaka 1965, na pembeni yake kibao cha Amo. Usidanganyike: sanamu hiyo si yeye. Waliotaka Afrika huru isifiwe walichonga Mwafrika wa jumla, na msomi mwenyewe wakamwachia kibao. Chuo, kwa upande wake, hutoa tuzo ya jina lake kwa wanafunzi.

Kutoka Halle, Amo alihamia Wittenberg mwaka 1730, nasi tumfuate. Watalii hujaa huko kwa sababu ya Martin Luther, ambaye Oktoba 31, 1517 alitoa hoja zake 95 dhidi ya biashara ya vyeti vya msamaha. Mlango wa kanisa unaopigwa picha kila siku ni wa shaba, wa mwaka 1858. Ule wa mbao uliteketea vitani mwaka 1760, na wanahistoria bado wanabishana kama Luther alipigilia msumari wowote. Ukiacha umati huo, kumbuka kwamba katika mji huuhuu, mwaka 1734, Amo aliwasilisha tasnifu ya Kilatini akibisha wazo la mwanafalsafa Descartes kuhusu roho na mwili: roho, alisema, haina uwezo wa kuhisi maumivu wala joto, anayehisi ni mwili. Miaka miwili baadaye alikuwa mhadhiri Halle, kisha Jena kuanzia 1739.

Mwisho wake Ujerumani haukuwa mzuri. Walezi wake walikufa, na mwaka 1747 mashairi ya kumdhihaki yakachapwa Halle. Akapanda meli kurudi kwao. Miaka kadhaa baadaye daktari wa meli ya Kiholanzi alimkuta Axim, baba yake na dada yake wangali hai. Mwaka 2025 mtaa mmoja wa katikati ya Berlin, uliokuwa na jina la kuwabeza watu weusi, ulipewa jina lake.

Jena ina mgeni mwingine, na huyu ni wetu kabisa. Sayyida Salme binti Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, alifia katika mji huu Februari 29, 1924. Kisa chake wengi wanakijua nusu: mapenzi yake na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, kutoroka kwa meli ya Waingereza mwaka 1866, ndoa Aden, jina jipya la Emily. Nusu ya pili ndiyo chungu. Mumewe aliuawa na ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi. Mwaka 1885 Bismarck, kansela wa Ujerumani, alimrudisha Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, kaka yake, Sultan Barghash, akiwa anabanwa kuhusu ardhi za bara. Salme alidhani anakwenda kudai urithi. Wakubwa walikuwa na hesabu zao. Urithi hakuupata. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kaburi lake liko Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, na inasimuliwa kwamba alizikwa na mchanga wa pwani ya Unguja.

Safari nyingine, ndefu kidogo, ni ya Potsdam, jirani na Berlin, kufuata jiwe la Kilimanjaro. Hans Meyer, wa familia ya wachapishaji wa Leipzig, alifika kilele cha Kilimanjaro Oktoba 6, 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Vitabu huwataja hao wawili na kusahau wapagazi, na pia Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki kambi ya juu kwenye baridi kali akiwapikia. Meyer alikiita kilele kwa jina la Kaiser Wilhelm, akachukua jiwe. Kipande kimoja alimpa Kaiser, kikapachikwa katika ukuta wa ukumbi wa kasri la Neues Palais, hapo Potsdam. Jiwe hilo lilipotea. Lililopo leo ni mbadala. Kipande cha pili kilibaki kwa Meyer na mwishowe kikaangukia kwa muuza vitu vya kale nchini Austria. Mwaka 2022 kundi la wasanii lilitumia jumba la makumbusho la Grassi, Leipzig, kuchangisha fedha za kukinunua kirudishwe Tanzania. Kwangu hilo ni jambo la aibu: jiwe letu kuuziwa sisi.

Mwisho panda treni ya mjini kutoka Berlin hadi Oranienburg, kwenye iliyokuwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Mahjub bin Adam, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na akatumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wa askari ambao haukulipwa. Hawakumlipa. Alibaki huko akifanya kazi ya uhudumu hotelini, akicheza filamu na kuwasaidia Wajerumani kujifunza Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa uhusiano wake na mwanamke mzungu, na Novemba 24, 1944 alifia kambini.

Kiingilio cha Sachsenhausen ni bure. Kijana uliyeko Ujerumani, Paris itakungoja; zifuate nyayo hizi kwanza, na ukirudi uwaandikie wa nyumbani kwa Kiswahili.