Kisanduku kilicho nyuma ya televizheni: kilitoka wapi, na kipi kinafaa familia kununua

Katika maduka ya Birere mjini Goma na kwenye soko la Kadutu mjini Bukavu kunauzwa kisanduku cheusi kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Wengine wanakiita Android box, wengine TV box, wengi wanasema boksi tu. Kando yake kuna kijiti kinachofanana na flash iliyonenepa. Kazi yao ni moja: kuchukua filamu, habari au mpira kutoka intaneti na kuvileta kwenye televizheni, hata ile ya zamani isiyojua intaneti ni kitu gani.

Familia nyingi zinanunua kwa kuangalia bei na kusikiliza maneno ya muuzaji. Lakini vifaa hivi vina historia, na ndani ya historia hiyo mtu anaona kwa nini kimoja kinadumu miaka kumi, na kingine kinakula mega usiku wakati wenye nyumba wamelala.

Kwanza, watu wa huku walikuwa wanatazama nini? Televizheni ilianza Kinshasa mwezi wa Novemba 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kuchukua utawala, na kwa miaka mingi picha ilikuwa mali ya serikali. Mtazamaji hakuchagua, alipokea. Aliyebadilisha mambo hakuwa waziri wala sheria, ni kaseti. Kampuni ya JVC ya Japani ilitoa VHS mwaka wa 1976, na kidogo kidogo mashine zake zikafika hadi kwenye vyumba vya mbao vya mitaa, ambako watu walilipa kidogo wakae kwenye viti vya ubao watazame filamu za karate. Kisha zikaja CD na DVD, na baadaye flash. Zikafuata filamu zilizotafsiriwa, ambamo mtu mmoja anasimulia juu ya sauti za wazungu, Wachina au Wahindi: agasobanuye kutoka Rwanda, DJ Afro kutoka Kenya, na watafsiri wa Tanzania na Uganda. Jambo hilo si dogo. Mtazamaji wa Kivu alizoea kuwa na filamu mkononi, kuibadilishana na jirani na kuiweka mfukoni. Hakuzoea kuiomba upya kila jioni kutoka mbali.

Parabole na dekoda zilikuja zikaongeza mpira na habari, lakini pamoja nazo ikaja abonema ya kila mwezi. Canal+, StarTimes, DStv: majina yanajulikana. Mwezi wa Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilichukua MultiChoice, mwenye DStv, na kwa hiyo wawili kati ya hao watatu sasa wana baba mmoja.

Kisanduku cha intaneti kilizaliwa kwingine kabisa, California. Mtu wa kukumbukwa hapa ni Anthony Wood. Mwaka wa 1999 kampuni yake ya ReplayTV ilitoa mashine ya kurekodi televizheni kwenye diski ngumu. Mwaka wa 2002 akaanzisha kampuni nyingine akaiita Roku, neno la Kijapani lenye maana ya sita, kwa sababu ilikuwa kampuni yake ya sita. (Ni jina ambalo Mswahili hakosi kulishika akishaambiwa.)

Wakati huo Netflix, iliyoanzishwa mwaka wa 1997, ilikuwa bado inatuma DVD kwa posta. Mwezi wa Januari 2007 ikaanza kuonyesha filamu kupitia intaneti, lakini kwenye kompyuta peke yake. Nani atakaa mbele ya kompyuta na watoto watano kutazama filamu? Netflix ikamwita Wood aje kutengeneza kisanduku chake ndani ya kampuni. Kazi ikafanyika, kifaa kikawa karibu kutoka. Ndipo mkubwa wa Netflix, Reed Hastings, akasimamisha mambo. Aliona kwamba Netflix ikiuza kisanduku chake, watengenezaji wengine wa televizheni na mashine za michezo watamwona mshindani, nao watakataa kuweka Netflix kwenye vifaa vyao. Mradi ukahamishiwa Roku, Netflix ikatia pesa humo, na mwezi wa Mei 2008 kisanduku kikatoka kwa dola 99 na senti 99. Kilikuwa na kazi moja tu, kuonyesha Netflix.

Uamuzi ule wa Hastings ndio uliogawanya dunia hii kama ilivyo leo: wenye filamu huku, wenye visanduku kule, na mnunuzi katikati anajiuliza kama vinasikilizana.

Apple ilikuwa imetangulia mwaka mmoja. Apple TV ya kwanza ilitoka mwezi wa Machi 2007 kwa dola 299, ikiwa na diski ya giga 40 ndani yake, na haikuenda sana. Mwaka wa 2010 Apple ikaondoa diski, ikashusha bei hadi dola 99, na kifaa kikapata watu.

Kilichofungua mlango kwa watu wa kipato kidogo ni Chromecast ya Google, iliyotoka mwezi wa Julai 2013 kwa dola 35. Kilikuwa kijiti kisicho na telekomandi. Simu ndiyo iliyotoa amri. Hapa watu wengi wanakosea hadi leo, wakifikiri simu inatuma filamu kwenye televizheni. Hapana. Simu inakiambia kijiti filamu iko wapi, na kijiti kinaenda chenyewe kuichukua kwenye intaneti. Kwa hiyo bila mtandao hakina kazi, hata kama simu imejaa filamu. Amazon ikafuata mwaka wa 2014, kwanza na kisanduku cha Fire TV, kisha na kijiti cha dola 39. Xiaomi ya China nayo ina vijiti na visanduku vyenye mfumo wa Google, na hivyo vinafika mashariki mwa Kongo kwa urahisi kuliko vya Roku, ambavyo vimetengenezwa kwa masoko ya Amerika na nchi chache nyingine. Ndugu aliyeko Marekani akituma Roku, adapta yake kwa kawaida inakubali volti 220 za huku, lakini sehemu kubwa ya machaneli itakataa kufunguka kwa sababu ya nchi. Shukrani zimfikie, lakini afadhali angetuma kitu kingine.

Android ndiyo iliyoleta neema na balaa pamoja. Google iliuachia ulimwengu mfumo huo, na kiwanda chochote kinaweza kuuchukua bure, kuuweka kwenye kisanduku na kukiuza bila jina. Visanduku vya namna hiyo vinaahidi filamu zote bure, mpira wote bure, maisha yote. Mwezi wa Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Canada alinunua kimoja chenye jina la T95, akakikuta na programu mbaya ndani, iliyowekwa kabla kifaa hakijafika kwa mnunuzi. Uchunguzi uliofuata mwaka huohuo ukaonyesha kwamba hakikuwa peke yake. Kundi zima la vifaa vya aina hiyo likapewa jina la BADBOX. Mwezi wa Juni 2025 polisi ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa onyo kwa watu wote, na mwezi wa Julai Google ikapeleka mashtaka mahakamani New York, ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa.

Kisanduku kama hicho kinafanya nini nyumbani? Kinabonyeza matangazo kwa siri ili mtu wa mbali alipwe. Kinakopesha mtandao wa nyumba kwa watu wasiojulikana, hata uhalifu wao uonekane umetoka sebuleni kwa mama wa watu. Na kazi hiyo yote inatumia mega zilizolipwa na familia. Huko ambako intaneti inalipwa kwa mwezi bila kipimo, mwenye nyumba anaweza asijue. Hapa, ambako mega zinahesabiwa moja moja, na simu ileile inayogawa mtandao ndiyo inayobeba pesa za Airtel Money au M-Pesa, hasara inaonekana siku ya kwanza.

Alama za kuangalia hazifichiki. Kisanduku hakina jina la kampuni, au kina jina ambalo halipatikani popote. Muuzaji anasifu kwamba kimefunguliwa na kila kitu ni bure. Kinapoanza kinaomba ulinzi wa Google uzimwe, au kinaleta duka lake la programu badala ya lile linalojulikana. Google inaweka wazi orodha ya kampuni zilizokubaliwa kwenye tovuti ya Android TV, na kuitazama kwenye simu kabla ya kulipa hakuchukui dakika tano. Tena kisanduku kisichokubaliwa kinanyimwa mambo: Netflix, iliyofunguliwa Kongo mwezi wa Januari 2016, haitoi picha safi kwenye kifaa kisichothibitishwa, hata kama karatoni yake imeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu.

Kifaa cha jina kubwa nacho kina shida yake, maana kinategemea bwana aliye mbali. Tarehe 9 Machi 2025 Chromecast za mwaka wa 2015 zilikataa kufanya kazi duniani kote siku moja. Hazikuharibika. Hati moja ya siri iliyowekwa ndani yake ilikuwa na muda wa miaka kumi, na muda ukaisha. Google ilitengeneza baada ya siku chache, lakini ilikuwa imekwisha kuacha kutengeneza Chromecast mpya tangu mwezi wa Agosti 2024. Na watu wa Kongo hawana haja ya kufundishwa maana ya mtandao kukatika: baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 intaneti ilifungwa inchi nzima karibu siku 20. Katika siku zile kijiti cha dola 35 na kisanduku cha dola 299 vilikuwa sawa. Redio ya FM iliendelea kuongea, pale ilipoachwa iongee.

Basi familia ya huku inachagua vipi? Hesabu ya kwanza ni ya mega. Kwa vipimo vya Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya chini inachukua karibu giga 0.3, picha ya HD inafika giga 3, ya 4K inafika giga 7. Filamu ya saa mbili kwa HD ni giga 6, na kwa picha ya chini ni mega 600 tu. Ndiyo kusema, kwa anayegawa mtandao wa simu, kulipia zaidi ili kupata 4K ni kununua gari la mbio kwa barabara ya mawe ya volkano. La muhimu ni kifaa kinachokubali picha ishushwe, na mwenye nyumba anayekumbuka kuishusha.

Ya pili ni matundu. Televizheni nene za zamani zina matundu matatu ya rangi: manjano, nyeupe na nyekundu. Vijiti karibu vyote vinataka HDMI, ambayo ilianza mwishoni mwa mwaka wa 2002. Visanduku vingi vya Android vina tundu la duara linaloingiza waya wa rangi tatu. Kwa kijiti itabidi kununua kigeuzi, tena kigeuzi hicho nacho kinahitaji umeme.

Umeme wenyewe si shida kubwa. Kijiti cha kawaida kinaridhika na adapta ya wati 5 au 10, kwa hiyo batri ya sola inayowasha taa na kuchaji simu inakiweza; televizheni ndiyo inayokula. Kikichomekwa kwenye tundu la USB la televizheni na kikawa kinazima na kuwaka chenyewe, mara nyingi hakijafa. Tundu lile halitoi nguvu ya kutosha.

Kwa familia zilizokimbia vita, mambo yanageuka kidogo. Televizheni ya uzito inabaki nyuma, au inauzwa njiani kwa bei ya kuumiza. Kijiti kinaingia kwenye kitambaa pamoja na vitambulisho na diploma. Lakini kijiti kina tundu la umeme tu, na mahali pasipo mtandao hakina la kuonyesha. Kwa familia iliyopokelewa nyumbani kwa watu, ambako mega ni za mwenye nyumba na wageni ni wengi, kisanduku chenye tundu la USB kinafaa zaidi: flash inaingia, filamu zilizotafsiriwa zinaonekana, na masomo ya watoto yaliyochukuliwa siku mtandao ulipokuwa mzuri yanarudiwa hata mara kumi bila kulipa tena.

Anayekimbia na kifaa, au anayekiuza, akumbuke kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Akaunti ya Google ikibaki ndani, mnunuzi anaweza kuona picha na majina ya watu, na katika nyakati hizi jina na picha si vitu vya kumwachia kila mtu. Anayenunua cha mtumba naye afanye vilevile, mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka mkononi.

Programu za kucheza filamu za flash hazilipiwi. Kodi ilizaliwa kwa watu waliotaka kuitumia mashine ya michezo ya Xbox kwa kazi ambayo Microsoft haikuikusudia. VLC ilianza mwaka wa 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, nayo inakubali karibu kila aina ya faili, hata zile ambazo televizheni yenyewe inazikataa. Zote mbili ziko kwenye duka la kawaida la Google, na zikishaingia kwenye kisanduku mara moja, filamu ya kwenye flash inacheza bila mega.