Kiangazi cha Nyuzi: Habari za Kuwafundisha Vijana Chelo na Zeze

Katika kijitabu cha Jubilei ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa na watu waliobatizwa. Hesabu hiyo ni njema, nayo yafaa isomwe na wakubwa kwa wadogo. Lakini iko kazi nyingine isiyoonekana kwa macho kama kuta za matofali, nayo ni kazi ya kuwafundisha vijana muziki. Katika kurasa hizi nataka kusimulia habari za chombo kimoja kigeni kiitwacho chelo, na jinsi vijana wa nchi mbalimbali wanavyofundishwa kukipiga wakati wa kiangazi. Huenda mtu akauliza, Sisi watu wa Tinde tuna nini na chelo? Namwomba avumilie kidogo, maana mwisho wa habari hizi ataona ya kuwa ni habari zetu wenyewe.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Chelo ni ndugu mkubwa wa fidla. Ni sanduku la mbao nyembamba lenye shingo ndefu na nyuzi nne, na mpigaji huketi kitini, akalishika katikati ya magoti yake, akazisugua nyuzi kwa upinde. Upinde huo umefungwa singa za mkia wa farasi, nazo hupakwa ulimbo mkavu wa miti, ili zishike uzi wala zisiteleze. Nyuzi zenyewe zamani zilikuwa za matumbo ya kondoo, na siku hizi nyingi ni za chuma. Sauti ya chelo hushuka chini kama ya mzee anenaye taratibu, kisha hupanda mpaka ikafanana na ya mwanamke aimbaye. Ndiyo sababu watu wengi husema ya kuwa hakuna chombo kilicho karibu zaidi na koo la mwanadamu. Chombo hiki kilitengenezwa katika nchi ya Italia katika karne ya 16, na mmoja wa mafundi wa kwanza alikuwa Andrea Amati wa mji wa Cremona.

Lakini chombo bila mwalimu ni ubao tu. Johann Sebastian Bach, Mjerumani, alitunga nyimbo sita za chelo peke yake yapata mwaka 1720, nazo zikakaa miaka mingi zikihesabiwa kuwa ni mazoezi ya wanafunzi tu. Mwaka 1890 kijana mmoja wa Kikatalani, Pablo Casals, mwenye umri wa miaka 13, alizikuta zimechapwa katika duka kuukuu mjini Barcelona. Akazichukua, akajizoeza miaka kama 12 kabla ya kuthubutu kuzipiga mbele ya watu. Walimu wenzangu, tuutafakari muda huo. Vijana wetu hutaka kujua kinanda kwa wiki mbili, na sisi wakati mwingine twawaahidi ya kuwa yawezekana.

Casals aliiacha nchi yake kwa sababu ya vita vya Hispania, akakaa katika mji mdogo wa Prades, huko Ufaransa. Mwaka 1950, ilipotimia miaka 200 tangu kufa kwake Bach, wapiga muziki wa nchi nyingi walimwendea huko, kwa kuwa yeye hakutaka kwenda kwao. Baadaye alifundisha Zermatt katika Uswisi, na tangu mwaka 1960 kila majira ya joto alikuwa Marlboro katika Marekani, mpaka kufa kwake mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 96. Mzee wa umri huo alikuwa akiketi na vijana, nao wakipiga mbele yake.

Huko Marekani desturi ya kuwakusanya vijana wakati wa majira ya joto ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1928 kambi ya muziki ilifunguliwa Interlochen, katika jimbo la Michigan. Mwaka 1944 Ivan Galamian, mwalimu wa fidla, alianzisha shule ya Meadowmount katika jimbo la New York, naye Leonard Rose alifundisha chelo hapo. Yo-Yo Ma, ambaye leo sifa zake zimeenea duniani kote, alipita hapo akiwa kijana. Utaratibu wa Meadowmount ni mgumu: asubuhi nzima kila mwanafunzi hukaa chumbani mwake akifanya mazoezi peke yake, na milango yote ikitoa sauti, kisha huja masomo na mwalimu, na kupiga pamoja na wenzake. Hivyo kijana hujifunza mambo mawili kwa pamoja: kustahimili upweke, na kusikilizana na wengine.

Sasa turudi nyumbani. Majira yale ya joto ya Ulaya na Marekani, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, kwetu ndiyo miezi ya kiangazi, baada ya mtama kuvunwa na pamba kuchumwa. Na hapa yapo maneno ambayo wazee wa Usukuma hawana haja ya kufundishwa na mgeni yeyote, maana kiangazi tangu zamani kilikuwa wakati wa shule ya ngoma. Katika karne ya 19 walikuwapo watu wawili mashuhuri walioshindana, Ngika na Gumha, na kutokana nao yakatoka makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu. Mavuno yakiisha makundi hayo yalikutana uwanjani, yakacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na lililowavuta watazamaji wengi zaidi ndilo lililoshinda. Hapakuwa na mwamuzi mwenye karatasi. Miguu ya watu ndiyo iliyotoa hukumu. Lakini kabla ya siku hiyo vijana walikuwa wamekwisha kukaa chini ya manju wao, wakijifunza nyimbo, hatua za miguu na utii. Basi mafunzo ya kiangazi kwetu yalikuwako kabla ya Interlochen na kabla ya Meadowmount.

Kweli, wamisionari wa kwanza hawakuzipenda ngoma hizo, kwa sababu ya dawa na uganga ulioambatana na mashindano. Wakaleta kinanda cha kukanyaga kwa miguu na nyimbo za Kilatini na za Kijerumani zilizotiwa maneno ya Kiswahili. Tusiwahukumu kwa haraka; walileta walichokuwa nacho. Lakini matokeo yake ni kwamba Mkristo mzuri alidhaniwa kuwa ni yule aliyeacha ngoma na nyuzi za babu yake. Kisha akatokea Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye katika miaka ya 1950 alianza kazi yake Bujora, karibu na Kisesa, upande wa Mwanza. Yeye alikusanya ngoma na vyombo vya Wasukuma badala ya kuvitupa, na sikukuu ya Ekaristi ikaungana na mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo, ambayo huchezwa wakati huo huo wa kiangazi. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza ya kuwa muziki wa kila taifa upewe heshima yake katika ibada, na mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alichapisha kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu.

Je, chelo nayo imepata nyumba katika Afrika ya Mashariki? Ndiyo, na nyumba yake moja ilikuwa Unguja, ndani ya taarabu. Husimuliwa ya kuwa Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alimpeleka mtu Misri ajifunze muziki wa huko. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Baadaye, katikati ya karne ya 20, watu wa Unguja walipozidi kusikia muziki wa Misri kwa redio na katika sinema, na sauti ya Umm Kulthum ikivuma kila mahali, vyama vya taarabu vikaongeza fidla nyingi, na pamoja nazo chelo na besi kubwa, zikae chini ya sauti za udi na kanuni. Hapo chelo haikubaki mgeni barazani. Ilipewa kazi katika nyimbo za Kiswahili, ikavaa kanzu. Mwaka 2002 kikafunguliwa chuo cha muziki cha nchi za majahazi, katika jengo la Forodha ya zamani mjini Unguja, ili vijana wafundishwe taarabu na ngoma kwa utaratibu, maana wazee walikuwa wakipungua, nao walikuwa wamejifunza kwa kusikia tu.

Mfano wa pili uko Nairobi, nao unatuhusu sisi wa parokia kwa namna ya pekee. Korogocho ni mtaa wa watu maskini ulio kando ya jaa kubwa la Dandora, ambako moshi wa takataka haukomi. Hapo, katika parokia ya Mtakatifu Yohane, mwaka 2008 Elizabeth Njoroge alianza kuwafundisha watoto wachache muziki wa vyombo, na kazi hiyo ikaitwa Ghetto Classics. Kutoka watoto wachache wakawa mamia, wakipiga fidla, chelo, tarumbeta na filimbi, na Baba Mtakatifu Fransisko alipofika Nairobi mwaka 2015 walipiga mbele yake. Jambo la kuangalia ni hili: waliokwisha kujifunza huwafundisha wadogo wao. Chombo kimoja hupita mikononi mwa watoto wengi, na kila mmoja aliyepokea huwa na deni la kutoa.

Sasa tutazame upande wa pili wa mizani. Nyuzi za kusugua kwa upinde si za Wazungu peke yao. Huko Ugogo liko zeze, lenye tumbo lililowambwa ngozi, nalo husuguliwa kwa upinde mdogo kama ndugu yake chelo. Hukwe Zawose, mtu wa Dodoma, alilichukua zeze pamoja na ilimba mpaka Ulaya na Ujapani, akalipiga mbele ya umati wa watu waliolipa fedha ili wamsikie. Naye alifundisha Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Watu wa mbali walisafiri ili kuketi miguuni pake, kama vile wengine walivyomwendea Casals huko Prades. Lakini katika vijiji vyetu vingi mtu akimwona kijana ameshika zeze, humwuliza kama hana kazi.

Nadhani sasa msomaji ameona habari hizi zinakoelekea. Wengine hulalamika ya kuwa vyombo vya kigeni ndivyo viuavyo vyombo vya asili. Historia haisemi hivyo. Unguja chelo haikuuua udi. Vyote viwili vimeketi mkeka mmoja. Kinachoua chombo ni kukosa majira yake na mwalimu wake. Chelo imeishi miaka zaidi ya 400 kwa sababu kila kizazi kulikuwa na mzee aliyekubali kuketi na vijana, na vijana waliokubali kukaa chumbani asubuhi nzima. Zeze likipotea, halitakuwa limefukuzwa na mtu. Litakuwa limekosa baraza.

Na sisi wa Tinde kiangazi chetu kinakwenda wapi? Mji wetu uko penye njia panda: barabara moja yaenda Shinyanga na Mwanza, nyingine yaenda Kahama na mbele hata Rwanda, nyingine yashuka Nzega na Tabora. Almasi za Mwadui ziligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza mwaka 2000, na wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Na pembeni yake kuna mashimo madogo yasiyo na idadi. Mavuno yakiisha, kijana hupanda gari kwenda machimboni. Wengine hurudi na fedha, wengine hurudi mikono mitupu, na wengine hufukiwa na udongo wasirudi kamwe. Simlaumu kijana atafutaye riziki. Nasema tu kwamba miezi ile ambayo babu yake alijifunza kucheza, kuimba na kutii, yeye huipitisha bila mwalimu yeyote, na hilo ni jambo zito kwa wazazi na kwa Kanisa.

Kwa hiyo nawaomba walimu na wazee wa vigango mambo matatu. Kwanza, kila kigango kiweke juma moja au mawili ya kiangazi kwa ajili ya muziki wa vijana, kwa saa zinazojulikana, wala si usiku wa mkesha wa sikukuu tu. Pili, atafutwe mzee ajuaye nyuzi au ngoma, apewe kiti cha heshima na chakula chake, maana mwalimu asiyeheshimiwa hafundishi. Tatu, kijana aliyefundishwa asipewe sifa mpaka amemfundisha mdogo wake mmoja, kama wafanyavyo watoto wa Korogocho. Mambo hayo hayadai fedha nyingi. Chelo ni ghali, wala sisemi tuinunue kesho. Lakini kibuyu, ngozi na mti tunavyo, na juma la kiangazi halina bei.

Siku Jubilei nyingine itakapoadhimishwa, wengi wetu tutakuwa tumelala makaburini. Watakaoandika kijitabu cha siku hiyo watahesabu makanisa na shule kama tulivyofanya sisi. Heri kama wataweza pia kuandika majina ya wazee waliofundisha, na ya vijana waliopokea.